Mende Waliokula Sheria

Mtu akiniuliza habari za Salvina, mimi humwuliza kwanza kama ana haraka. Akiwa na haraka namwuzia chai aende zake, maana yule mama hasimuliwi mlangoni.

Mimi ni Zuwena, Mama Shaaban, mwenye hoteli ya chai iliyo karibu na stesheni ya reli hapa Shinyanga. Baba yangu alitoka Pangani akaifuata reli mpaka huku, akaoa, akazikwa hapa hapa. Kwa hiyo Kiswahili nimekirithi pwani, lakini hasira nimezipata huku kwenye vumbi. Watu wote wa stesheni nawajua na wote nimewahi kuwafokea, ila waliokuwa wakinimaliza subira ni mawakala wa forodha. Walikaa meza ya dirishani tangu asubuhi, kila mmoja na kikombe kimoja cha chai kilichokwisha kupoa, makaratasi yametandazwa mpaka kwenye sahani za maandazi.

"Hapa ni hotelini, si ofisini," niliwaambia kila siku.

"Ofisini hakuna maandazi, Mama Shaaban," alinijibu Mzee Hatibu kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa Tabora, mpole, asiyeinua sauti hata akiibiwa. Mwenzake Makoye, Msukuma wa Maganzo, alikuwa na mkoba unaong'aa na sauti ya kuitia ng'ombe. Na katikati yao alikaa Salvina, Mama Otmar, mwanamke pekee katika kazi ile, mfupi, mnene kidogo, mwenye tabia ya kukata andazi vipande vinne kabla hajalila. Akikasirika hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, ikashuka, mpaka ukalazimika kuinama ili usikie unavyotukanwa.

Kazi yao ilikuwa kugomboa mizigo ya watu. Mzigo ukitoka ng'ambo hauingii nchini kwa kupiga hodi tu. Una ushuru wake, vibali vyake, na kuna kitabu kinene kinachosema kila kitu duniani, toka sindano mpaka trekta, kinatozwa nini na kinasamehewa lini. Wakala ndiye anayekijua kitabu hicho kwa niaba ya mwenye mzigo. Tabu ni kwamba kitabu hakitulii. Ilipokufa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka wa sabini na saba, na mpaka wa Kenya ukafungwa, njia ya Kisumu ikafa nayo. Mizigo yote ikageukia Dar es Salaam, na sheria zikaanza kubadilika leo hivi, kesho vile.

Nani angewachapia kitabu kipya kila mara? Hakuna. Kwa hiyo walijifanyia wenyewe. Walichangia nakala moja ya Gazeti la Serikali, ikawa inaletwa na treni ya barua. Walikuwa na desturi waliyoiita kusomeana: gazeti likifika mikononi mwako, hata kama una mzigo unaokuwasha, hutii mguu kwenye kaunta yoyote mpaka umewasomea wenzako. Waligombania wateja kama kuku wanavyogombania punje, lakini sheria mpya ilikuwa ya wote. Msomaji alikuwa Salvina, kwa sababu Kiingereza cha sheria alikifahamu kuliko wao. Alisoma mstari, akaugeuza kwa Kiswahili, Makoye akabisha kwa Kisukuma, Mzee Hatibu akaamua. Wakishakubaliana, kila mmoja aliuandika mstari ule kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kitabuni mwake juu ya mstari wa zamani. Kitabu cha Salvina kilikuwa kimevimba kama mkate uliozidiwa hamira. Alikifunga kwa kamba ya kiatu.

Na gundi ya kubandikia waliikorogea kwenye vikombe vyangu. Naomba hilo likumbukwe.

Salvina alizaliwa Ushirombo, kwa wakulima Wakatoliki, Wasumbwa. Masista walimsomesha, akina mama wa parokia wakichanga ada, wakategemea awe mmoja wao, yeye akaolewa na Marselino, fundi wa reli, wakahamia mjini. Akaajiriwa kupiga chapa kwa tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa wakala wa forodha. Tajiri yule alipofunga biashara na kuhama, aliwaachia watu wengine samani. Salvina aliomba kitabu. Akakaa nacho miaka miwili akikisoma huku anakoroga uji wa watoto, akaenda Mwanza kufanya mtihani wa leseni, akashindwa, akarudi tena, akapita. Wanaume walimcheka stesheni nzima. Mmoja alimwuliza kama atagomboa mizigo kwa mwiko. Alimjibu kwa sauti ile ya chini, sikusikia alichosema, lakini yule bwana hakuja kunywa chai kwangu mwezi mzima.

Sasa, huko Ushirombo mama yake alikuwa bado anasaga kwa jiwe. Kulikuwa na mashine ya kusaga upande wa Kahama, mbali, na mwanamke aliyekwenda huko na debe la mahindi kichwani alirudi giza limeingia, unga mkononi na watoto wamelala na njaa. Akina mama wa parokia wakaungana. Marafiki wa padri wa huko Ulaya wakakubali kuwaletea mashine yao, ya dizeli, mpya. Wanawake wakafyatua matofali, wakajenga kibanda, wakaezeka. Mwenyekiti wao, Tereza, Mama Telesphori, akaja mpaka hotelini kwangu akamwambia Salvina, "Wewe ni mtoto wetu. Mashine hii tunaiweka mikononi mwako."

Salvina alimwitikia kwa kichwa tu. Lakini alipoondoka Tereza, aliniambia, "Mama Shaaban, mama yangu mikono yake imeota sugu mpaka hawezi kukunja ngumi. Mashine hii nitaifikisha hata nikiibeba mgongoni."

Ikafika Machi ya mwaka wa sabini na nane. Mashine ilikuja kwa treni ya mizigo kutoka Dar es Salaam, ndani ya behewa lililofungwa kwa lakiri ya forodha. Behewa likasimama mchana kutwa mbele ya mlango wangu. Lakiri ile ilikuwa ivunjwe na afisa wa Mwanza tu, kwa hiyo mashine ya Ushirombo, ingawa Ushirombo iko magharibi, ilikuwa iende kwanza kaskazini mpaka ziwani ndipo irudi. Nilipomwuliza Salvina ni akili gani hiyo, alisema ndiyo sheria. Alikwenda akaupapasa ule mlango wa behewa kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari, kisha akarudi mezani akafungua kitabu.

Alitafuta mstari unaohusu mashine za misaada ya dini. Mstari ulisema barua ya parokia inatosha kupata msamaha wa ushuru. Akaandika karatasi za kugomboa, akaambatanisha barua ya padri, akamkabidhi gadi wa treni. Siku hiyo alikula andazi zima bila kulikata.

Baada ya wiki moja hivi, Jumatano, nilikuwa nafagia chini ya ile meza yao. Katika taka nikaona kipande cha karatasi kimeandikwa kwa mwandiko wa Salvina, upande wa nyuma kimetafunwatafunwa. Mimi Kiingereza sikijui, lakini najua kwamba mwandiko ule hautupwi. Nikampa.

Alikisoma. Akafungua kamba ya kiatu, akafunua kitabu pale penye mashine za dini, akaona mstari wa zamani uko wazi, umezungukwa na alama ya gundi iliyolambwa ikaisha. Mende wawili wadogo walitoka katikati ya kurasa wakakimbilia kwenye sukari yangu.

Mnajua kilichotokea? Mwezi ule gundi ilikuwa imepotea madukani, imekwenda ilikokwenda sabuni. Mzee Hatibu alikuwa akibandika kwa utomvu wa mgunga kutoka porini, lakini utomvu unataka kuloweshwa na kusubiriwa, na Salvina siku ile alikuwa na haraka ya kuwahi kaunta. Alikoroga uji wa muhogo. Wali, uji, ugali, mende hawachagui. Walikula gundi, kipande kikadondoka, na sheria iliyokufa ikafufuka kitabuni. Na Salvina, aliyekwisha kubandika mamia ya mistari, aliamini kitabu kuliko kichwa chake.

"Kinasemaje?" nikamwuliza.

Sauti ilikuwa chini sana. "Barua ya padri haitoshi tena. Lazima kibali cha wizara kipatikane kwanza. Anayeomba msamaha bila kibali amedanganya serikali, na mzigo wake unachukuliwa."

"Unachukuliwa unapelekwa wapi?"

"Mnadani."

Mzee Hatibu alivua kofia akaiweka juu ya goti. Makoye ndiye aliyesema kwanza, na kwa mara ya kwanza hakupayuka. "Mayu, mama yangu, nyamaza tu. Mimi Jumatatu nimetoa mashine ya kikundi cha Kalangalala, kule Geita, kwa barua ya padri vilevile. Afisa hakuuliza kitu, kagonga muhuri, mashine imeondoka. Huko Mwanza sheria hii bado hawajaijua."

"Wewe ulikuwa unaijua?" Salvina akamwuliza.

"Si ulitusomea wewe mwenyewe!"

"Na ukapeleka?"

"Mteja alikuwa na haraka. Ukaguzi wa mashine yako ni kesho asubuhi. Ukikaa hapa ukanywa chai, kesho mchana mashine imetoka. Ukienda kujisema, umewanyang'anya mama zako mashine kwa mdomo wako mwenyewe."

Niseme kweli, maneno ya Makoye yaliniingia. Mimi nilikuwa upande wake. Nilimwambia Salvina kwamba Mungu amefumba macho ya afisa kwa sababu anawapenda wanawake wa Ushirombo. Mzee Hatibu alituacha tumalize, ndipo akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akavaa kofia yake.

Salvina alikuwa anakitazama kile kipande. Akasema, kama anayesoma, kwamba sheria ileile inampa nafasi mtu anayejisahihisha kabla mzigo haujafunguliwa. Atatozwa faini ndogo, na mzigo utasubiri ghalani mpaka kibali kipatikane. Lakini ukishafunguliwa, basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Kwa hiyo nikifika kabla ya ukaguzi, mashine ni yetu," alisema. "Itachelewa, lakini ni yetu. Nikinyamaza, itakuwa yetu mpaka siku mtu mwingine atakapofungua gazeti. Sitaki mama yangu asage kwa mashine inayoweza kuja kuchukuliwa mahindi yakiwa ndani."

Treni ya kwenda Mwanza ilikuwa imekwisha pita. Ya pili ilikuwa kesho kutwa. Salvina alisimama, akafunga kitabu, akatoka barabarani. Mimi nikavua aproni, nikamwachia dada wa jikoni funguo, nikamfuata nikinung'unika. Sikumfuata kwa wema. Nilimfuata kwa sababu nilijua atakwenda bila kula.

Gari pekee lililokuwa likienda Mwanza alasiri ile lilikuwa lori la ngozi za ng'ombe. Ngozi mbichi, zilizotiwa chumvi, na mvua ilikuwa imezinyea. Mbele kulikuwa na mgonjwa na mkewe, hakuna nafasi. Dereva alitutazama akasema, "Akina mama, mtaweza?" Salvina alikuwa ameshapanda.

Sitaeleza harufu. Tulipofika Maganzo, penye almasi, askari walitusimamisha, maana pale hakuna gari linalopita bila kupekuliwa. Mwenye mkate anakatiwa mkate, mwenye nywele nyingi anafumuliwa. Mkubwa wao akaamrisha kila ngozi ifunuliwe. Niliona tutalala pale. Askari wake akafunua ya kwanza, akafunua ya pili, akageuka pembeni akatapika alichokula.

"Endelea!" mkubwa akamwambia.

"Afande, almasi gani itakaa humu?" mwenzake akalalamika.

Hapo nami nikalipuka. Nikawaambia kwamba sisi tunawahi forodha Mwanza kujishtaki wenyewe, je, wamewahi kumwona mwizi wa almasi anayekimbia kwenda kujishtaki? Salvina alinivuta nguo ninyamaze, lakini mkubwa yule alicheka mpaka akashika bunduki kama mkongojo, akatupungia mkono tupite. Mbele ya Mabuki tukakwama kwenye tope, tukashuka, tukasukuma pamoja na wanaume. Salvina alisukuma na kitabu chake kikiwa kimefungwa mgongoni kwa kanga, kama mtoto.

Tulifika forodhani asubuhi, wakati milango inafunguliwa. Foleni ilikuwa ndefu, mawakala wa Mwanza, mashati meupe, kalamu mifukoni. Tuliposimama nyuma yao, wa mwisho akageuka, akaziba pua, akasogea. Wa mbele yake naye akasogea. Foleni nzima ikafunguka kama pazia, na kabla sijajua la kufanya, tulikuwa mbele ya kaunta. Mambo mengine Mungu huyafanya kwa ngozi za ng'ombe.

Afisa aliitwa Bwana Mageni. Macho yake yalikuwa ya manjano, na alivaa sweta wakati watu wote wanatoka jasho.

"Shikamoo, baba," Salvina alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba, mama. Mbona hivi, mmechinja?"

Salvina akaeleza. Hakuzunguka. Alitoa kipande kilichotafunwa akakiweka juu ya kaunta, akasema karatasi zake za mashine ya Ushirombo zina kosa, anaziondoa kabla ya ukaguzi, na anaomba mashine iwekwe ghalani isubiri kibali. Bwana Mageni alikisoma kipande mara mbili. Akaenda nyuma, akarudi na bahasha ya magazeti ambayo bado haikufunguliwa.

"Nilikuwa nimelazwa na malaria," alisema. "Nimetoka hospitali juzijuzi. Haya sijayagusa." Akaichana bahasha, akapekua, akapata mahali, akaufuata mstari kwa kidole. Kisha akamtazama Salvina. "Mama, karatasi zako zilikuwa juu kabisa. Ungenyamaza, saa hii ningekuwa nimekugongea muhuri."

Niliuma kanga yangu. Wallahi nilitaka kumpiga Salvina. Nilimwona kama mtu aliyepewa maji jangwani akayamwaga ili anawe miguu.

"Najua," Salvina akajibu. "Niandikie kwamba nimejisahihisha mwenyewe kabla mzigo haujafunguliwa. Utie saini na saa."

Alimwandikia. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi akalia. Hakulia kwa aibu. Alilia kwa hasira, anapiga goti lake kwa ngumi, anasema, "Mende! Mende, Mama Shaaban! Kama ningelowesha utomvu ule, leo kibali kingekuwa tayari!" Nami nilisahau hasira yangu, nikakaa karibu naye, tukanuka pamoja.

Lakini Mwanza ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Ushirombo. Salvina angeweza kutuma barua. Alikwenda mwenyewe, akasimama nje ya kanisa baada ya misa, nami nikiwa pembeni, akawaambia akina mama kila kitu bila kuficha hata uji wa muhogo. Halafu Tereza akapiga makofi mara moja, kwa uchungu.

"Mmesikia, jamani? Mashine yetu imeliwa na mende!"

Wakacheka, kicheko kile kibaya. Mwingine akauliza kama Salvina ameiuza huko mjini. Mama yake mzazi alikuwepo, akainamisha kichwa, na hilo ndilo lililomuumiza. Tereza akamalizia, "Tulimsomesha sisi, kwa karanga zetu. Afadhali tungenunua punda." Njiani kurudi, tulipofika Kahama, Salvina alisema, "Wana haki." Kisha akasema, "Naenda Dar es Salaam."

Alikwenda. Alikaa kwenye benchi la wizara siku baada ya siku. Huko hawakuwa wabaya, walikuwa na foleni tu, na kila aliyekuwa mbele yake alikuwa na shida kama yake. Aliambiwa alete hati ya kikundi, akarudi Ushirombo kuifuata, akina mama wakampa bila kumtazama. Aliambiwa alete uthibitisho wa mkoa, akaufuata. Wateja wake wengine wakamkimbilia Makoye. Marselino, yule mume mpole, aliniambia siku moja, "Shemeji, nimeoa kupe. Akishika haachi." Alisema hivyo akitabasamu, nami nikamwongezea chai bure, jambo ambalo silifanyi.

Kibali kilitoka Agosti. Bwana Mageni mwenyewe alivunja lakiri ya ghala. Mashine ikafika Ushirombo juu ya lori, ikafungwa, ikanguruma. Sherehe haikuwa kubwa. Akina mama walisaga, wakashukuru padri, wakashukuru wafadhili. Salvina walimpa kiti, hawakumpa neno. Aliniambia kwamba neno halikuwa shida yake, kwamba alimwona mama yake akipokea unga wa moto kwa viganja vyote viwili, inatosha. Ilimtosha yeye. Mimi haikunitosha hata kidogo, na nilitamka hivyo mbele ya Tereza.

Mwaka uliofuata, kiangazi, wakaguzi walitoka Dar es Salaam wakawa wanafuatilia kila mzigo wa msamaha uliotoka tangu siku ya sheria ile. Habari zilifika hotelini kwa vipande. Kwanza tukasikia wamefika Geita. Kisha Makoye akaingia, mkoba wake umefungwa vibaya, akakaa bila kuagiza kitu. Mashine ya Kalangalala ilikuwa imefunguliwa boliti ikapakiwa kwenye gari, wanawake wakiwa wamepanga foleni na madebe yao.

"Waliniuliza kibali," alisema. "Mayu, ningewaambia nini?"

Nilitegemea Salvina amwambie maneno. Alimsogezea nusu ya andazi lake. "Lete karatasi zako," akamwambia. "Tuone kama bado kuna mlango." Mlango ulikuwepo, lakini ulikuwa mwembamba, na ile mashine ilirudi Kalangalala baada ya muda mrefu na jasho jingi.

Ila siku ile Salvina hakuweza kula ile nusu iliyobaki. Wakaguzi walikuwa wameelekea Bukombe, upande wa Ushirombo.

Alikaa dirishani akitazama kila basi linaloingia kutoka Kahama. Mambo yake yalikuwa sawa, kibali kilikuwepo, karatasi ya Bwana Mageni ilikuwepo, lakini mtu akishaona ya mwenzake imefunguliwa boliti, hana tena usingizi. Basi likaja, akashuka Tereza. Amevaa nguo ya kanisani na ana furushi. Salvina alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Wameichukua?"

Tereza alikaa kwanza. Ni mwanamke mzito, na safari ilikuwa ndefu. Nikampa maji, akanywa yote.

"Walikuja Jumanne," alisema. "Walikuta inasaga. Mkubwa wao akasema zimeni. Tukazima. Akasema kibali. Nikamwonyesha kibali. Akasema ilikuwaje karatasi za mwanzo zikaondolewa. Nikamwonyesha ile nyingine, ya saa na saini. Akasoma, akawasomea wenzake. Akaniuliza, huyu wakala ni nani aliyejishtaki mwenyewe?"

"Ukasemaje?" nikamwuliza mimi.

"Nikamwambia ni mtoto wetu." Tereza akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nikamwambia ni mtoto wetu, na sisi tulimtukana. Wakawasha mashine wenyewe. Tukawapikia ugali wa unga uleule, wakala, wakaenda."

Akafungua furushi. Ndani kulikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani kulikuwa na madonge ya utomvu wa mgunga, yanang'aa kama asali iliyoganda, mengi, ya kumtosha mtu mwaka mzima.

"Tumeokota wote, kila mmoja kwenye mti wake," alisema. "Mama yako ndiye aliyepata kubwa kuliko yote, lile pale. Mende hawali huu."

Salvina alilichukua lile donge la mama yake. Aliligeuza mkononi, akapiga magoti pale kwenye sakafu yangu ya saruji akamshika Tereza miguu. Tereza akamwinua. Mzee Hatibu alikuwa anatafuta kitu kwenye kofia yake, na Makoye alikuwa ametoka nje kuitazama reli. Mimi niliwafokea wote kwamba wananizibia mlango wa wateja, kwa sababu kama nisingefoka ningelia.

Kila mwaka baada ya mavuno lile furushi lilikuja. Mama yake Salvina alipofariki, wengine waliokota kwa niaba yake. Lilikuja miaka ile ya shida baada ya vita vya Uganda, mafuta yakiwa adimu na mabasi yakipita mara moja moja. Lilikuja mwaka wa themanini na nne pia, serikali iliporuhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na kitabu kizima kikapinduka juu chini. Wengi waliiacha kazi mwaka ule. Walisema haiwezekani kujifunza kila kitu upya.

Salvina nywele zake zilikuwa zimeshaota mvi. Alikaa dirishani, gazeti likiwa bado limefungwa kwa uzi wa posta. Mzee Hatibu alikuwa kushoto kwake, haoni vizuri tena, na Makoye kulia. Alichukua donge la utomvu akalitumbukiza kwenye kikombe changu, akaninyooshea nimtilie maji ya moto.

"Chukua cha bati," nikamwambia.

"Hiki kinakaa na moto."

Nikamtilia. Akakikoroga taratibu, akakifunika kwa sahani kisubiri, ndipo akakata ule uzi, akainua kidole, na wenzake wawili wakasogeza viti ili asome. Kikombe kile sikukirudisha tena kwenye chai. Nilikiacha pale dirishani, kikawa chake.